Mgongo wa Punda wa Akiru

Miaka ile ya sabini, ofisi yetu ya mifugo pale Lodwar ilijua ng'ombe, ngamia na mbuzi. Punda hakuwa na mwenyewe. Akionekana ofisini, ujue ameleta maji ya chai yetu. Basi wafanyabiashara waliotoka Kakuma waliposimulia kwamba punda wa huko wamejaa vidonda vya mgongo, mkubwa wangu alitazama chumba kizima, macho yakatua kwangu, mgeni niliyetoka Taita juzi tu, akasema kazi hiyo inanifaa. Wenzangu walicheka. Mimi nilifurahi kama mtu aliyepewa likizo.

Alfajiri tuliondoka kwa Landrova, mimi na dereva Ekai, Mturkana wa pale pale Lodwar ambaye ndiye pia alikuwa mkalimani wangu. Nyuma tulipakia maji, unga, na dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau. Barabara ilikuwa mchanga, kisha mawe, kisha mchanga tena. Kila tulipokwama Ekai alishuka, akalizunguka gari taratibu, akarudi kwenye usukani na kuniambia nisukume.

Kakuma tulifika jua likiwa utosini. Maduka machache ya mabati, na ng'ambo yake mto Tarach, mkavu, wanawake wakichota maji kwenye visima walivyochimba mchangani. Punda walisimama wakingoja mizigo. Nilipapasa mgongo wa kwanza, wa pili, wa tatu, furaha ikaniisha. Fito za asaja, yale matenga ya mbao na ngozi wanayofungiwa punda, zilikuwa zimewachimba nyama.

Kesho yake asubuhi niliwakusanya wanaume. Walikuja kwa heshima zao, wakakalia vile vigoda wanavyovilalia pia kichwa, nami nikahutubia mpaka koo likakauka: mizigo, usafi wa vidonda, kupumzisha mnyama. Waliitikia kila neno. Nikajiona bingwa. Mwisho mzee mmoja akajibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Maneno yako ni mzuri. Sasa enda ambia wanawake. Punda ni yao."

Nilimgeukia Ekai, nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo kwamba kwa Waturkana kufunga na kupakia punda ni kazi ya wanawake. Akasema nilitaka kuongea na wazee, naye akaniletea wazee. Asubuhi nzima ilikuwa imekwenda na maji.

Alasiri, basi, nilishuka mtoni. Baada ya salamu za ejok pande zote wanawake walinikabidhi punda zao bila hotuba yoyote, na nusu ya punda wa Kakuma wakageuka zambarau. Hapo ndipo nilipomjua Akiru, mama wa makamo aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza maziwa madukani. Punda wake mmoja tu, na kidonda chake, juu ya mabega, kilikuwa kibaya kuliko vyote. Nikamwambia huyu asibebe kitu hata kidogo mpaka kidonda kifunge.

Akiru alinitazama bila hasira. "Daktari, kesho kutwa sisi nahama, naenda Lopur. Majani hapa imekwisha. Mama yangu miguu yake imekufa. Wewe utabeba yeye?"

Nikamtajia gari letu; akasema mama yake hapandi kitu kinachonguruma. Nilidhani nimetoa ushauri, kumbe nilikuwa nimemhukumu mtu. Punda wengine wote walikuwa na mizigo na watoto wa kubeba. Hapakuwa na wa kuazima.

Siku iliyofuata nilishona mito miwili ya gunia, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili fito zikalie mito na kidonda kisiguswe. Nikaijaza majani makavu niliyookoteza kandokando ya mto, nikaiacha kwenye boma la Akiru na kwenda zangu nimeridhika. Asubuhi ya kuhama nikakuta gunia limeraruka na punda anatafuna. Katika nchi ambayo majani yamekwisha, mimi nilikuwa nimemtengenezea punda chakula cha jioni. Akiru alicheka mpaka akakaa chini, halafu akainuka upesi, kwa sababu wenzake walikuwa wameshaanza kufunga mizigo.

Nilirudi garini mbio, nikachukua mto wangu wa kulalia, wa sufi, zawadi ya mama, nikaupasua. Ekai akaniambia sasa nitajifunza kulalia kigoda. Tulishona sote watatu, tukafunga, Akiru akatandika ngozi, na bibi, mama yake, mwepesi kama furushi la nguo, akapandishwa juu.

Lopur tulifika jua likielekea kuzama, gari letu likiwafuata kwa mwendo wa punda. Bibi aliposhushwa nilifunua mito kwanza. Kidonda kilikuwa kikavu, hakuna damu mpya. Nilitaka kupiga kelele. Bibi alinena kitu, na Ekai akanitafsiria.

"Anasema kule tulikotoka kuna mgunga mmoja kando ya njia. Alikuwa ameuchagua. Alimwambia Akiru amwache pale na maji, wao waendelee. Akiru alikataa kusikia."

Akiru alikuwa amekwisha kumwelekeza punda majini. Nilimwachia dawa yote iliyobaki.

Safari ya kurudi niliipitisha nikiwaza. Tangu siku ile, kabla ya kumwambia mtu ampumzishe punda, huuliza kwanza punda huyo anambeba nani. Kwa hilo peke yake nilistahili kutumwa.

Karibu na Kakuma Ekai alipunguza mwendo. Kulikuwa na mgunga kando ya njia, kivuli chake kizuri, na sisi tulikuwa tumechoka na kiu imetushika. Aliniuliza kama tupumzike hapo. Nilimwambia twende tu. Aliutazama mti, na kwa mara ya kwanza safari nzima hakunitania, akakanyaga mafuta.