Dakika Nne za Mheshimiwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Dada Funguo anafungua kufuli mbili za chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya tatu ya jengo la Bunge. Anapangusa meza, anatoa faili nene kwenye kabati la chuma, kisha anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Simu kikapuni, kalamu kikapuni," anamwambia mbunge wa kwanza. "Utatoka na cha kichwani tu, Mheshimiwa."

Faili hilo ni rasimu ya mkataba wa biashara ambao Waziri anaujadili na nchi nyingine. Kabla hajasafiri, kamati ya Bunge humwagiza kipi akubali na kipi akatae. Lakini lazima wajumbe saba wawe wameisoma rasimu. Wasipotimia, Waziri anaondoka bila agizo, akakubali atakalo.

Dada Funguo, mwenye miaka ishirini na saba, aliishia darasa la saba. Alianza hapa kwa kufagia. Sasa anatunza daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Kibarua chake ni cha miezi mitatu mitatu, na watu wanne nyumbani wanamtegemea. Mmoja ni shangazi yake, fundi cherehani, anayehofia nguo za bei ya kutupa kutoka nje.

"Nilimwambia, shangazi, mimi ni wa mlango, faili silifungui," anasimulia. "Akanijibu, 'Basi hao wanaolifungua wasome, si kupunga hewa.'"

Jumanne ya wiki iliyopita, siku moja kabla ya kikao, walikuwa wamesoma sita. Wa saba aliingia saa kumi na dakika tano, akapekua kurasa tatu, akatoka saa kumi na dakika tisa. Dada Funguo akaandika hivyo hivyo.

"Andika nimekaa saa mbili nzima, mdogo wangu. Mimi nasoma kama upepo."

"Upepo hausomi, Mheshimiwa. Unapeperusha tu."

Mbunge akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Kibarua chako kinaisha lini?"

"Alhamisi ijayo."

"Basi jipange."

Asubuhi yake Dada Funguo alilipeleka daftari kwa mwenyekiti wa kamati, bila kufuta kitu. Mwenyekiti, mama asiye na maneno mengi, alilisoma kwa sauti mbele ya wajumbe.

"Kurasa mia mbili na kumi, dakika nne," alisema. "Ndugu yangu, hebu rudi juu. Tunakusubiri."

Akarudi. Alikaa saa tatu nzima, jasho likimtoka. Ghafla akagonga meza.

"Dada, njoo uone hii!"

"Siruhusiwi kuona, Mheshimiwa. Wewe soma."

Alasiri hiyo, mbunge huyo huyo ndiye aliyesimama kikaoni: rasimu ilitaka nguo za nje ziingie bila ushuru kwa miaka ishirini. Kamati ikamwagiza Waziri asikubali, na akirudi alete taarifa ya maandishi. Shangazi aliyasikia redioni, mguu ukiwa kwenye cherehani.

Waziri anarudi Ijumaa. Kibarua cha Dada Funguo kinaisha siku moja kabla, na hakuna aliyemwambia lolote. Amejiandikisha masomo ya jioni. Anataka kufanya mtihani wa sekondari, aombe ukarani wa kamati.

"Karani anaruhusiwa kusoma," anasema.

Kwa sasa amefungua ukurasa mpya wa daftari. Juu ameandika: Taarifa ya Waziri. Anaweka rula, anachora mstari wa saba, mmoja kwa kila msomaji.

"Atakayekaa hapa Ijumaa, mimi au mwingine," anasema, "akute mistari ipo."