Jezi Niliyoivaa Ndani ya Koti la Posa

Kuna watu hapa Lushoto wakiniona sokoni hadi leo wanageukia upande wa pili kama wanachagua karoti, kumbe wanacheka, na sababu naijua vizuri sana: mimi, mtu mzima, fundi seremala mwenye wajukuu, niliwahi kufungua vifungo vya shati ukweni mbele ya wazee na akina mama, tena siku ya posa, na posa yenyewe wala haikuwa yangu. Bora niwaeleze mwenyewe, maana huko mitaani inasimuliwa vibaya, wengine wameongeza hadi suruali, na suruali naapa haikuguswa.

Kwanza mjue kwamba mimi nashabikia timu moja ya Tanga mjini. Jina silitaji, imeshatukanwa vya kutosha. Hapa kwetu karibu kila mtu ana timu yake kati ya zile mbili kubwa za Dar, wanataniana, wanashinda kwa zamu, maisha yanaenda, lakini mimi nina hii yangu inayofungwa nyumbani, inafungwa ugenini, na ikipata sare tunapigiana simu kupongezana (tuko wachache, simu haziishi salio). Nilianza nayo ujanani nikijifunza ufundi Tanga, karakana yetu ikapewa kazi ya kutengeneza mabenchi ya chumba cha wachezaji, na siku ya kuyapeleka nahodha akaja kulikalia la kwangu, akajitikisatikisa, akaniambia, "Fundi, hili halitatuangusha." Na kweli, benchi halijawaangusha, wameanguka wenyewe. Lakini mimi nilishanasa, sikutoka tena.

Sasa, kaka yangu Elia ana kijana anaitwa Yohana, na Yohana alimpenda Felista, mwalimu wa chekechea kule Gare, binti mpole, mcheshi, ambaye ukimwona unaelewa kwa nini kijana halali. Tatizo ni kwamba sisi ni Walutheri na wao ni Wakatoliki wa siku nyingi, na baba yake, Mzee Gaspari, alishawapokea washenga wetu wa kwanza, akawanywesha chai, akawarudisha na chai yao tumboni bila jibu, akisema wakajipange vizuri zaidi. Ikaamuliwa kwamba safari ya pili niende mimi, kwa sababu eti nina maneno. Yohana alinifuata karakanani akasimama kwenye vumbi la mbao na shati lake safi, akaniambia, "Baba mdogo, wakikataa na safari hii basi tena, Felista hawezi kumpinga baba yake." Nikamwambia aache wasiwasi.

Posa ikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi. Na Jumamosi hiyohiyo, saa kumi jioni, timu yangu ilikuwa inacheza mechi ya mwisho wa msimu na moja ya zile timu kubwa, tukipata sare tunabaki ligi kuu, tukifungwa tunashuka daraja. Nikapiga hesabu: saa nne posa, saa sita chakula, saa nane nipo njiani, saa kumi nimekaa kwenye banda la mpira hapa mjini. Ili nisipoteze muda kurudi nyumbani kubadilisha nguo, nikavaa jezi kabisa, rangi ya chungwa iliyoiva, juu yake shati jeupe, juu yake koti la suti. Mke wangu aliniona nikifunga vifungo akasema, "Hilo shati linaonyesha." Nikamjibu, "Koti litavuliwa na nani?" Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka, na mke wangu anayakumbuka zaidi.

Tulikuwa watatu, mimi, kaka Elia na dada yetu Naomi, ndani ya gari la kukodi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kwa hiyo tulipofika kwenye mteremko mmoja hivi gari likateleza taratibu, likageuka likatazama tulikotoka, likazama kwenye tope hadi milangoni. Tulisukuma mpaka saa saba. Hatukushinda. Tukaliacha na dereva wake, tukapanda kilima kwa miguu, mvua ikarudi, ukungu ukashuka, dada Naomi akavua viatu akaviweka kichwani ndani ya mfuko, na mimi mshenga mwenye maneno nilifika kwa Mzee Gaspari nikiwa nimelowa hadi mfupani, saa tisa na nusu, nikiwa sina neno hata moja zaidi ya shikamoo, ambayo nilimpa bibi yake Felista mzaa baba, aliyekaa pembeni ya jiko la mkaa, naye akaipokea akidhani namwomba maji.

Walitupokea vizuri mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mama yake Felista akaja na kanga kavu mkononi, akaniita mghoshi, yaani bwana, kwa Kishambaa chetu.

"Mghoshi, vua hilo koti tulianike jikoni, utaugua."

"Asante mama, nimeshazoea."

"Umezoea kulowa?"

Kaka Elia akavua la kwake. Nikabaki mimi, nimekaa karibu na jiko, koti linafuka mvuke kama sufuria ya makande, jasho linanitoka huku meno yanagongana, na shangazi yake Felista, anaitwa Veronika, mwanamke mrefu mwenye macho ya kuuliza, hakuacha kunitazama. Nilimsikia akimnong'oneza Mzee Gaspari, "Huyu ana nini ndani ya koti?" Dada Naomi akanifinya. Nikajifanya nakohoa.

Basi kikao kikaanza karibu na saa kumi, na kwa bahati mbaya (au nzuri, hadi leo sijui) nyumba ya tatu kutoka pale palikuwa na banda la mpira. Niliwasikia watu wakiingia, nikasikia jenereta, nikasikia filimbi. Jamani, nilijitahidi. Niliongea maneno ya posa kama nilivyofundishwa, tumepita tukaona ua kwenye bustani yenu, tumeomba tukalitunze, na wazee wakaitikia kwa vichwa, hata Mzee Gaspari akaanza kulegea, akaanza kuniuliza habari za karakana, akaniuliza kuhusu mambo ya kanisa, watoto atawabatiza nani, nani atahama dhehebu, nami nikijibu vizuri tu kwa mdomo huku sikio la kushoto liko bandani. Kimya. Kimya kilikuwa kitamu sana, maana kimya kilikuwa sare.

Mazungumzo yakaenda, chai ikaja, viazi vikaja, saa ikasogea, na mwisho shangazi Veronika akaweka kikombe chini na kusema, "Limebaki jambo moja. Sisi watu wa hapa tunatunza binti zetu. Mshenga, tuambie ukweli mbele ya mama yake. Hawa watoto wamekaa kwa heshima? Hakuna haraka yoyote iliyofanyika? Au kuna kitu tayari kiko njiani tunafichwa?"

Swali zito, nikavuta pumzi kusema hakuna, hakuna kabisa, wamekaa kama dada na kaka, na pumzi ikiwa bado kifuani banda likalipuka kwa kelele, mabati yakapigwa, mtu akapiga vuvuzela, na mimi, ambaye miezi sijasikia goli la furaha, nikaruka juu mikono hewani nikapiga ukelele:

"Tayari! Tayari jamani, tayari!"

Mama yake Felista alishika kifua. Kaka Elia aliinamisha uso kwenye viganja. Kutoka jikoni kikaanguka kitu cha bati, halafu sauti ya Felista mwenyewe, "Tayari nini?" Bibi akauliza kwa sauti kubwa, "Amesemaje?" na shangazi Veronika, akiwa ameshasimama, akamjibu sikioni, "Anasema mjukuu wako ana mimba!"

"Hapana!" nikasema. "Ni goli!"

"Ni nini?"

"Goli! Mpira! Timu yangu!"

"Timu gani hiyo," akasema Mzee Gaspari, amesimama naye, sauti imeshuka chini sana, "wote mnasema hivyo mkibanwa. Uthibitisho uko wapi?"

Na mimi uthibitisho nilikuwa nao. Ndugu zangu, nilifikiria heshima ya yule binti, ambaye sasa nilimsikia analia jikoni, nikafikiria Yohana na shati lake safi, sikufikiria kitu kingine, nikavua koti, nikafungua vifungo vya shati kimoja baada ya kingine hadi kiunoni, mama akajifunika uso na kanga, dada Naomi akasema, "Yesu wangu," na ile rangi ya chungwa ikatoka, imebana kwenye kitambi, imelowa, inafuka.

Shangazi Veronika akaisoma jezi ile polepole kwa sauti, jina la timu yote. Halafu akasema, "Hii bado ipo?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Gaspari, tena alianza kwa kujizuia, mabega ndiyo yakamsaliti, wakafuata wengine wote, na Felista akatoka jikoni machozi mashavuni akicheka. Nikajua tumepona. Nikaanza na mimi kucheka, nikamwambia kaka yake, kijana mmoja anaitwa Damiani aliyekuwa mlangoni, akimbie bandani akathibitishe kwamba tumefunga goli. Akaenda. Akarudi, akasimama, akanitazama kama daktari.

"Goli lipo, baba," akasema. "Ila mmefungwa ninyi. Na mpira umeisha."

Unajua, ningetumia akili kidogo tu ningejua, banda limejaa mashabiki wa timu kubwa, kelele zile zingekuwa za nani? Nilikaa chini. Nilitaka kuendelea na posa, nikafungua mdomo niseme kuhusu lile ua la bustanini, machozi yakatoka. Si mengi. Lakini yalitoka, nikiwa nimekaa na shati wazi ukweni.

"Amefiwa?" bibi akauliza.

"Timu yake imeshuka daraja," Damiani akampigia kelele.

"Itapanda?"

"Sijui, bibi. Ni mbovu sana."

"Na yeye anahama?"

Wote wakanigeukia. Nikafuta uso kwa pindo la shati. "Sihami, mvyee," nikamwambia bibi, nikimwita mama kwa Kishambaa. "Huko chini nako wanacheza. Nitawafuata hukohuko."

Bibi alitafuna kiazi chake akakimeza, kisha akasema kwa Kishambaa maneno ambayo Mzee Gaspari alinitafsiria baadaye kwa Kiswahili kana kwamba mimi si Msambaa (nilikuwa nimechanganyikiwa, alinionea huruma): kwamba amesikia washenga wengi wakisema kijana wetu hataacha binti yenu, ila huyu ndiye wa kwanza kumwona akikataa kuacha kitu, na kitu chenyewe hakina faida yoyote. Mzee Gaspari akatazamana na mkewe. Akasema suala la kanisa watazungumza mapadri na wachungaji, hilo lao, yeye binti ametoa. Ila nitalipa mbuzi wa faini kwa kupiga kelele kwenye kikao na kumtia bibi presha. Nikasema nalipa hata sasa hivi.

Kabla hatujafika kwenye gari simu ikaita, Yohana. "Baba mdogo, ni kweli umevua nguo ukweni?"

"Umepewa mke," nikamwambia. "Mengine utaelezwa."

Walioana baada ya mavuno, na wanaishi vizuri. Wateja wangu ndio hawajaniacha, mtu anakuja kuchukua kabati lake, anasimama mlangoni, anauliza, "Fundi, tayari?" halafu anacheka peke yake. Timu iko daraja la chini hadi leo, mechi zake hazionyeshwi popote, nasubiri nipigiwe simu na shabiki mwenzangu mmoja wa Muheza aniambie matokeo, na juzi tumepata sare, nikanunua nyama.

Ila nimeapa, mbele ya mke wangu, kwamba jezi siivai tena ndani ya kitu chochote. Nikienda kanisani ni suti tupu, nikienda kwingine naivaa juu kabisa, ya chungwa, wazi, watu wanicheke nikiwa bado njiani, wamalize, ndipo niingie ndani tuongee.