Mgonjwa Asiye na Bandeji

Ijumaa iliyopita, kabla sijamaliza chai, nilipigiwa simu kutoka Makorora kuambiwa kwamba yule mpishi wetu wa shughuli amefariki. Wasomaji wa Tanga mjini hawahitaji kutajiwa jina, na wasio wa Tanga jina halitawasaidia. Inatosha kusema kwamba kama uliwahi kula pilau ya harusi katika mitaa ile kabla hajapata ajali, huenda ulikula pishi la mkono wake. Aliyenipigia alisema kifafa kilimkamata akiwa bafuni, akaanguka, na binti yake alipofanikiwa kuusukuma mlango alikuta mama ameshaondoka. Kisha akaongeza kwa mshangao, "Na alikuwa mzima tu, jamani." Nilikata simu bila kuaga vizuri. Maneno hayo ndiyo yaliyomtesa mwanamke huyu tangu siku alipotoka hospitali, na yamenitia hasira hata nimeiweka kando mada niliyokuwa nimewaandalia.

Hakuwa mzima. Alikuwa akirudi kutoka Mwera, alikokwenda kupika harusi, bodaboda ikateleza kwenye mchanga naye akapiga kichwa barabarani. Alilazwa akiwa hajitambui, akazinduka, hatimaye akaruhusiwa. Daktari alimweleza binti yake kwamba ubongo umeumia, kwamba kidonda cha nje kitafunga upesi lakini cha ndani kitachukua muda mrefu, na kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, mwanga hafifu na watu wachache. Watu wachache! Daktari yule hajakaa Makorora. Kwetu mgonjwa asiyejaziwa watu ni mgonjwa aliyetupwa. Basi siku aliyorudi nyumbani chumba kilijaa, ukumbi ukajaa, na wengine wakabaki barazani na mapakacha yao ya machungwa. Kila aliyeingia alimwinamia na kumuuliza swali ambalo sijui nani alitufundisha kumuuliza mtu aliyeumia kichwa: "Haya, mie n'nani? Wanijua?" Akipatia, vigelegele. Akikosea, watu wanatazamana. Mtihani huo uliendelea hadi magharibi. Akaingia shoga yake, mwanamke waliyepika naye tangu usichana, na jina likagoma kuja. Marehemu alimtazama, akatabasamu, akasema, "Wewe... wewe ndo wa kukata vitunguu." Chumba kizima kikacheka. Shoga hakucheka, na wala hakukaa sana.

Mimi nilizoea kumpitia mchana, mitaa ikiwa imetulia, na nilimkuta amejifunga kanga usoni kwa sababu ya mwanga. Aliniambia siku moja, "Unajua, mwandishi, hiki kichwa si kwamba kinauma kila saa. Kinachoka. Nikiosha vyombo vya chai, nalala kama niliyetoka kulima. Sufuria ikigonga sufuria naisikia kwenye meno. Na watu wakisema wawili kwa pamoja, mie simpati hata mmoja." Alisema pia kwamba anapandwa na hasira asizozijua zinatoka wapi. Alikuwa amemrushia binti yake mfuniko kwa sababu ya chumvi, kisha akalia kuliko binti mwenyewe. Nilimsikiliza nikaona kwamba anaugua kazi ndogondogo ambazo sisi wengine tunazifanya huku tukiwaza mambo mengine kabisa.

Lakini lililomvunja zaidi lilikuwa pua. Lipo duka la viungo alilonunua maisha yake yote, la Mhindi mmoja mwenye adabu za zamani, ambaye hamfungii mpishi kitu kabla hajanusa. Alipopata nguvu ya kutoka alikwenda huko na binti yake. Mwenye duka alimfurahia sana, akasaga iliki na mdalasini, akamsogezea karatasi kama desturi. "Nusa kwanza, mama." Akanusa. Akanusa tena. Binti anasema mama yake alitabasamu, akasema, "Maashallah, ni nzuri," akalipa, akatoka hadi pembeni mwa duka na kuinamia ukuta. Hakuwa amesikia harufu yoyote, wala hakutaka mwenye duka ajue. Tangu hapo akipika chungu kidogo cha nyumbani humsimamisha binti juu ya mvuke na kumuuliza, "Vitunguu vimefika? Iliki yasikika?" Binti akawa ndiye pua yake, akajifunza upishi kwa njia ambayo hakuna mama anayetamani kumfundisha mwanawe.

Sasa niseme lile ambalo wengi wetu hatupendi kulisema. Wanawake wa pwani hii tunalipana kwa kuhudhuria. Ukija kwangu nami nitakuja kwako, usipokuja kwangu hesabu yako unaijua. Si jambo baya, maana ndilo linalofanya maskini amzike mzazi wake kwa heshima na amuoze bintiye bila kukopa. Ila hesabu hiyo haina mahali pa kumwandika mtu asiyeweza kustahimili spika ya harusi. Marehemu alijaribu. Msiba ukitokea alikwenda mapema, kabla turubai halijajaa, akatoa mkono wa pole na kurudi kulala. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba za watu na kuziba masikio kwa pamba. Basi mtaa ukapata la kusema. Anaringa. Ameona pilau zetu si hadhi yake. Kifafa kilipoanza kwa ajili ya jeraha lile, maneno yakageuka, sasa akawa ana mashetani, na ndugu zake wa Moa wakataka kumpigia ngoma ili yatoke. Alicheka siku aliponisimulia hilo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Ngoma? Mie kijiko chanitosha kuniua." Mguu ukivunjika ukafungwa plasta hakuna atakayekulazimisha kucheza, lakini yeye hakuwa hata na bandeji ya kuwaonyesha, kwa hiyo ilionekana hana ugonjwa.

Halafu binti akaposwa. Hapo ndipo nilipomwona marehemu akiogopa kwa mara ya kwanza. Hakuogopa kifafa, aliogopa mikeka mitupu. Mwanamke aliyepikia harusi za mji mzima alikuwa akijiuliza nani atakuja kumchagulia mchele wa harusi ya mwanawe wa pekee. Aliniita akanituma kwa shoga yake, kwa kuwa wengine walikuwa wakimtazama huyo kabla ya kuamua. "Mwambie sikumringia. Mwambie kelele ndo zanishinda, si watu. Na jina lake nalijua, siku ile lilikimbia tu." Nilikwenda. Shoga alinikaribisha vizuri, akanitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mume wangu alipokufa, yeye alikuja na miwani yake, hata kikombe cha maji hakunywa, akaondoka. Harusi ya mwanangu sikumwona kabisa. Dukani aenda. Kwangu mie ndo kichwa kinamuuma?" Nikamweleza aliyoyasema daktari, nikamweleza habari ya sufuria na meno. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionikatisha tamaa: "Wewe mwandishi wajua kupanga maneno. Mie najua nani alikaa na mie."

Siku ya kuchagua mchele walikuja majirani wa ukuta mmoja na bibi mmoja mzee wa Kibondei ambaye haendi kwenye shughuli kwa hesabu. Wakati huo marehemu ameketi chumbani, dirisha limefunikwa shuka, anachagua mchele kwa vidole maana macho yanamuuma. Kila mlango ulipolia alinyanyua uso. Alasiri aliniambia nimletee mchele mwingine, na nikamletea, nikakaa nikachagua naye. Siku ya harusi upande mzima wa turubai ulibaki wazi, na wapishi walikuwa wa kukodi. Alitoka wakati wa kumtoa bibi harusi, bila miwani, ili asisemwe, akasimama kwenye taa na spika akipiga makofi hadi mwisho. Baada ya hapo alilala siku nyingi na vifafa vikaongezeka, hata binti akawa anashinda kwake kumuuguza. Sitasema harusi ile ndiyo iliyomuua, mimi si daktari. Nasema tu kwamba hakuinuka tena kama awali.

Nilifika msibani Ijumaa hiyohiyo kabla ya jeneza kutolewa. Nilikuta watu hadi njia kuu. Wanaume walijaa barazani, turubai mbili hazikutosha, na uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka kwa mafungu, visu mkononi, wakimenya na kukatakata kwa ajili ya chakula cha waliohudhuria. Wote walikuwepo, wale walioitwa kuchagua mchele na wasije. Shoga yake alikuwa katikati na karai la vitunguu, analia kweli, anasimulia kwa sauti kubwa jinsi marehemu alivyokuwa na mkono usiokosea chumvi, na wenzake wanaitikia. Vyombo vinagongana, watoto wanaitwa, spika inajaribiwa. Binti akatokea mlangoni, amejitanda, macho makavu. Akatazama mikeka yote, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Kumbe njia ya kuja hapa mwaijua."

Visu vikasimama. Shoga akaacha kisu, akainuka nusu, akasema, "Mwanangu, tusamehe, hatukujua kama..." Binti akamkatiza, bila ukali, kwa sauti ileile ya kumjulisha mtu jambo: "Kaeni, shangazi, endeleeni. Pigeni kelele mtakavyo. Leo hazimuumi." Akarudi ndani kwa mama yake. Kisu cha kwanza kilipoanza tena, kilikata polepole.

Nimewaandikia haya si kwa sababu Makorora wana roho mbaya. Hawana. Waliompeleka kaburini Ijumaa ni watu wema, na karibu kila mmoja wenu anayesoma hapa ana mtu wa namna hii mtaani kwake, aliyeanguka kwenye pikipiki au kwenye mnazi, kovu limefunga, na anaambiwa kila siku kwamba ni mzima. Mkienda kumtazama msiende wote. Aende mmoja, ajitaje jina lake mwenyewe, aseme machache, amwoshee vyombo, aage. Na asipoonekana kwenye shughuli yako, usimngoje mlangoni na hesabu. Mfunikie sahani yake, mpelekee, na umwambie kwamba umemhesabu miongoni mwa waliokuja.