Msusi Aliyekimbiwa na Vichwa

Walimwita Bi Vidole, maana vidole vyake vilisuka kichwa kizima huku mdomo ukisuka habari za mtaa. Chumba chake, chenye benchi ukutani na kioo kilichopasuka pembeni, hakikukaukiwa na wanawake. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha akaanza kukohoa. Zahanati ikasema ni kifua kikuu. Mtaa ukasema mengine. Kabla hajauzoea uchungu wa vidonge, benchi lilikuwa tupu. Hakuna aliyemtukana. Huyu alikuwa na haraka, yule ana mgeni. Waliosukwa kwake miaka nenda miaka rudi walipita upande wa pili wa barabara, wameinama kana kwamba wamedondosha sindano.

Aliyebaki ni mdogo wake, wa tumbo moja, na hata yeye hakuingia. Kila jioni alipiga hodi, akaweka chupa ya soda kizingitini, akarudi nyuma mpaka kwenye bomba la maji, ndipo apaze sauti, "Dada, kunywa upate nguvu!" Bi Vidole alikunywa. Alikuwa na kiu ya soda, na zaidi alikuwa na kiu ya ile hodi.

Lakini nguvu hazikuja. Kikohozi kilipungua, mwili ukazidi kukonda. Haja ndogo ilimwamsha kila mara, na vidole vilivyompa jina vikaanza kufa ganzi. Akasema moyoni, labda ni dawa. Hakuwa na wa kumwambia.

Siku ya kuchukua vidonge, nesi wa kifua kikuu akamwomba kidole.

"Cha nini tena? Makohozi si nilishatoa?"

"Siku hizi, mama, anayetibiwa kifua tunampima na sukari hapa hapa. Maradhi haya mawili yameshikana mikono. Moja likiingia, linamfungulia mwenzake."

Akamchoma. Tone la damu likanyonywa na kijikaratasi, kimashine kikalia. Nesi akakitazama, akapima tena.

"Nyumbani unakunywa nini?"

"Soda. Analeta mdogo wangu."

"Mwambie aache. Una kisukari, mama. Ndiyo maana unameza dawa na bado unakonda. Kikulacho ki nguoni mwako."

Bi Vidole hakulia mbele ya nesi. Alilia njiani, na hakuulilia ugonjwa. Bila soda, mdogo wake angekuja kufanya nini?

Aliwaza kunyamaza, awe anaimwaga kila ikija. Lakini hodi ilipopigwa jioni ile, alifungua mlango wazi.

"Mdogo wangu, soda basi. Wamenikuta na sukari pia."

Mdogo mtu akashika kinywa. "Kumbe nakuua mwenyewe, Dada?"

"Hukujua. Hata mimi sikujua. Ila njoo tu, hata mikono mitupu. Nesi ameniambia sasa siambukizi."

Mwenzake akautazama mlango, akaitazama chupa. "Nitakuja," akasema, akaondoka na soda yake.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Bi Vidole akameza vidonge vya kifua, akameza na vya sukari, akala kwa kipimo alichofundishwa, akawa anajisemesha kwenye kioo. Mwili ukaanza kurudi. Mdogo wake alipotokea hatimaye, na fungu la mboga mkononi, aliketi ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri basi. Waliongea habari za mvua. Hakukawia kuaga.

Makohozi ya mwisho yalitoka safi, na sukari ikatulia. Nesi alimpigia makofi; mtaani hakuna aliyeuliza. Kichwa cha kwanza kurudi kwenye benchi kilikuwa cha mpangaji mpya, asiyejua lolote. Bi Vidole alimsuka taratibu, kwani ganzi ilikuwa bado haijaisha.

"Mama, mbona kimya hivyo?" mgeni akauliza. "Nilidhani wasusi wana maneno mengi."

"Nimezoea," akajibu, akachambua fungu jingine la nywele.