Maziwa Niliyomrudishia Mama

Rovu langu lilianza kama punje ya harage chini ya koromeo nikiwa kijana, na sikulijali. Kwetu huku juu, kutoka Karatu mpaka Mbulumbulu msituni, rovu lilikuwa jambo la kawaida kama vumbi miguuni. Mama mkubwa alikuwa nalo, mwalimu wa kwaya alikuwa nalo, na wanawake wengine walilizungushia shanga likapendeza. Baadaye walipita watu wa afya wakasema kosa ni la chumvi tunayokula, kuna kitu imepungukiwa. Tulicheka. Miaka hiyo baada ya vita chumvi yenyewe haikuwepo dukani, iwe na kitu isiwe nacho. Sabuni haikuwepo, mafuta ya taa hayakuwepo, mtu alikwenda duka la kijiji kuangalia mbao za rafu tu akarudi. Lakini nikianza habari za lile duka sitafika ninapokwenda. Ninakwenda kwa mama yangu, na maziwa yake ya asubuhi.

Mama alikuwa haoni. Vikope vilimchoma macho miaka mingi mpaka yakafunga kabisa. Uzee nao ukaja ukamziba masikio, si yote. Sauti nzito alisikia, nyembamba zilimpita. Yangu ilikuwa nzito. Si kujisifu, muulize yeyote aliyelima upande ule wa msitu. Tembo wakiingia mahindini, wenzangu walipiga madebe, mimi nilisimama juu ya dungu nikapiga ukelele mmoja na tembo wakageuka. Ng'ombe wangu wa plau sikuwachapa, niliwasemesha. Na jioni nilikaa na mama nikamweleza siku nzima ilivyokuwa: ngano imefikia wapi, mawingu yamekaa upande gani, nani kanunua shati jipya na limembana wapi. Alicheka mpaka anashika mbavu. Nilikuwa macho yake, naweza kusema hivyo, ingawa wakati ule sikujua.

Alichoona, aliona kwa mikono. Siku moja alinipapasa shingoni, akakunja ngumi yake akailinganisha na rovu.

"Limeshinda ngumi yangu," alisema. "Nenda wakalitoe."

"Haliniumi, mama."

"Hata dada yangu halikumuuma. Lilimkaba tu."

Hilo lilikuwa kweli, mama mkubwa alikufa akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba. Lakini sikutaka kwenda. Mavuno yalikuwa karibu, na kisu nilikiogopa, niseme ukweli. Mama akagoma kula. Mke wangu akimpelekea ugali, mama anasema, mpelekee mwenye rovu, ale yeye anayetaka kufa. Siku ya pili jioni nikasema basi, nitakwenda.

Nilipanda lori la maharage mpaka mjini. Daktari alinishika shingo, akaniambia ni operesheni ndogo, ya kawaida, wanafanya kila wiki. Na sina neno baya juu yake. Alikuwa mpole, mikono yake haikutetemeka. Kuna mshipa mwembamba, alinieleza baadaye, unapita nyuma kabisa ya rovu, huo ndio unaobeba sauti. Ulikuwa umegandamana na rovu. Uliguswa. Nilipoamka niliomba maji, nikasikia upepo. Nikadhani ni usingizi wa dawa. Wakaniletea maji, yakapita njia siyo, nikakohoa mpaka uzi mmoja wa kidonda ukaachia. Nililala hospitali mpaka ngano ikavunwa bila mimi, kwa sababu homa ya mapafu ilifuata. Daktari akasema sauti inaweza kurudi, mshipa umechoka, tusubiri. Na vitu vyepesi nisinywe: maji, chai, maziwa, vyote vinaingia mapafuni. Ninywe uji mzito kwa kijiko, nikiwa nimeinamisha kidevu.

Sauti ilirudi, si ile. Ni hii ya kukwaruza ambayo wajukuu wangu wanaiigiza wakidhani sisikii. Ilikuja mama akiwa ameshazikwa. Nalisema sasa hivi ili mtu asikae akilingoja.

Basi nikarudi nyumbani, mtu wa kunong'ona. Watoto walizoea mapema kuliko wote. Wao walisoma midomo yangu, na nikikasirika nilipiga meza. Ng'ombe walikataa kabisa. Yule wa kushoto alikuwa akigeuka kuniangalia, kama anauliza yuko wapi mwenye mifugo. Mke wangu akashika kazi ya kuwasemesha, mimi nikashika plau, na majirani wakapita wakisema, "Leo bwana shamba ni mama." Yeye anawajibu, "Na mshahara anapokea nani?" Alikuwa na mdomo, mke wangu. Ulituponya wakati ule.

Kwa mama ndiko kulikuwa na kazi. Nilikaa karibu naye nikamwinamia sikioni nikasema "Aayo", ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kiiraqw. Neno lenyewe ni hewa tupu, halina mahali ulimi unapogonga. Akajikuna sikio.

"Nani ananipulizia?"

"Ni mwanao, mama," mke wangu akamwambia kwa nguvu. "Amerudi. Hana sauti."

Mama alinyoosha mikono akanishika kichwa, akanishika mabega, akanijua. Lakini mikono ilipofika karibu na shingo ilirudi. Nililiona hilo. Hakunigusa shingo.

Tukawa hatuna mazungumzo. Nikiingia hajui kama nimeingia, anashtuka. Mke wangu akatafuta kengele ya ndama, ya mti, yenye mlio mzito, akanifunga kiunoni ili mama ajue niko wapi. Nilipoingia naitikisa, mama akageuza kichwa.

"Nini hicho?"

"Mwanao huyo, mama."

"Haya, mlete nimkamue."

Tulicheka wote, mimi kwa mabega. Ilikuwa mara ya mwisho, nafikiri, kucheka vile katika nyumba ile.

Sasa maziwa. Tangu nilipoanza kulima shamba langu mwenyewe, mama ndiye alinipa cha kunywa kabla sijatoka. Ng'ombe akishakamuliwa, mke wangu anamjazia kibuyu kidogo, mama ananipa kwa mkono wake, na hakiachii. Anashika kitako cha kibuyu mpaka anasikia kimekuwa chepesi. Hivyo ndivyo alivyojua nimeshiba. Na kwetu mtu akiwa na kinyongo na mzazi wake, hatasema. Hatamtukana. Atakataa cha kunywa mkononi mwake. Hilo kila mtu analijua, hahitaji kuelezwa.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi alinipa kibuyu. Nilikishika pamoja naye, nikakisukuma polepole kikarudi kifuani kwake. Nikampigapiga mkono, kama kusema ahsante. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Mke wangu alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa sauti ya kanisani: koo lake halifungi, mama, maziwa yatamwingia mapafuni, daktari kakataza. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unataka nilale vizuri," akasema. "Nakushukuru, binti yangu. Lakini uji anakula. Nimesikia kijiko kikigonga bakuli la mti. Uji unaoukoroga wewe anakula, maziwa yangu hayapiti?"

Mtu mwenye macho angeona jasho langu nikimeza hata mate. Yeye alikuwa na kibuyu chake tu, na kibuyu kilikuwa kinarudi kizito kila asubuhi. Hakuacha kunipa. Wala hakunilaumu kwa neno. Alinipa, nikarudisha, akakiweka chini pembeni ya kiti chake.

Nilikuwa na rafiki Mmasai, wa huko juu Ngorongoro, aliyekuwa anashuka na punda kununua mahindi kwetu. Kabla sijaumwa tulikuwa tukitukanana siku nzima, yeye akisema sisi wakulima tunakula nyasi, mimi nikisema ng'ombe wake anawapenda kuliko mama wakwe zake. Aliponiona alinizunguka, akatazama kovu.

"Hawa wamekuchinja vibaya," alisema. "Sisi tukichinja tunamaliza."

Safari iliyofuata alileta mafuta ya kondoo kwenye pembe, mazito, akaniambia yanapita kokote bila kukimbia. Na kweli yalipita. Yule mtu aliufikiria ugonjwa wangu akiwa huko njiani na punda wake, nami sijawahi kumrudishia kitu cha maana. Basi nikamwandikia mke wangu kwenye ubao wa watoto. Nilisoma kisomo cha watu wazima jioni, mkono wangu ni mbaya, lakini alielewa: mwambie Mmasai azungumze na mama. Mmasai akachuchumaa mbele ya mama na sauti yake ya kuita ng'ombe bonde la pili.

"Mama! Huyu hana hasira! Ana koo bovu!"

"Nimekusikia, mwanangu," mama alijibu. "Wamekufundisha vizuri."

Mmasai akanigeukia, mikono wazi. "Mama yako anamshinda mtu hata akiwa na sauti."

Mwezi wa saba ukaja na ule ukungu unaoshuka kutoka msituni ukakaa mpaka mchana. Mama akaanza kukohoa. Asubuhi moja baada ya kurudishiwa kibuyu chake alikaa nacho mapajani kwa muda, kisha akamwita mke wangu.

"Mwambie mumeo anitafutie lori. Nataka kwenda Mbulu kwa kaka yangu."

"Kufanya nini, mama, na baridi hii?"

"Kukaa. Mimi ndiye niliyemtuma kwenye kisu, yeye alikataa. Ana haki yake. Lakini sitaki kufia mikononi mwa mtu ninayemnyima usingizi."

Nilikuwa mlangoni na kengele yangu, nimeishika isilie. Nilitaka kusema neno moja tu: sikulaumu. Nilikuwa nimeshalisema sikioni mwake mara nyingi, likatoka upepo. Nilimtuma mke, nikamtuma Mmasai, nikamtuma hata mwinjilisti, yeye akaomba dua ndefu iliyozidi kumtisha. Hakuna aliyebaki wa kutumwa. Na kaka yake mwenyewe alikuwa mzee asiyejiweza. Huko angekufa kabla ya mvua.

Mke wangu aliona ninachotaka kufanya. "Usithubutu, baba watoto," alisema. "Nitakuzika wewe kwanza."

Nilikaa chini mbele ya mama. Nikachukua mikono yake miwili na kibuyu, nikakipeleka mdomoni kwangu, nikainamisha kidevu kama nilivyofundishwa, nikanywa. Funda la kwanza lilipita. Nikasikia vidole vyake vinakaza kwenye kitako. La pili lilipita nusu. Nikaendelea, kwa sababu uso wake ulikuwa umefunguka, na nilikuwa sijauona umefunguka tangu mavuno yale ya ngano. La tatu likaenda lilikotaka.

Sikumbuki vizuri. Mke wangu anasema nilikuwa mweusi midomo, maziwa yakatoka puani, na kwamba alinipiga mgongoni kama anapura maharage. Ninachokumbuka ni kishindo cha pumzi yangu ikiingia, kile kishindo cha kuvuta kamba, na nikajua hicho mama anakisikia. Alikuwa amekisikia kabla, kwa dada yake. Akaangusha kibuyu. Mikono yake ikaja moja kwa moja shingoni, ikafika kwenye kovu, ikalifuata kutoka upande mpaka upande, polepole, huku koo likirukaruka chini ya vidole vyake.

"Kumbe mpaka maziwa," alisema.

Vidole vikarudi tena mwanzo wa kovu.

"Nilidhani wamechukua sauti. Kumbe wamechukua mpaka maziwa."

Habari za lori hakuzitaja tena. Hakwenda Mbulu. Alijua sasa kwamba sikuwa na kinyongo, na hilo ndilo nililotaka ajue, nilikuwa tayari kufa ajue. Lakini nimekaa miaka mingi nikilifikiria, na sioni kama nilimfanyia wema. Alipodhani nimekasirika, alikuwa na kitu cha kungoja. Mzazi anajua hasira ya mtoto wake, anaijua tangu anatambaa, anajua namna ya kukaa mpaka ipoe. Hili jingine hakujua aliweke wapi. Wageni wakija, kabla hata hawajakaa, anawaambia, "Mnamwona huyu? Mimi ndiye niliyemtuma." Nami nipo pale pale, natikisa kichwa, natikisa kengele, na yeye haoni.

Alichofanya ni kumnyang'anya mke wangu mwiko. Kila asubuhi alikaa jikoni, moshi ukimwingia kwenye yale macho, akakoroga mwenyewe uji wangu. Alimwuliza mke wangu, "Uji umekuwa mzito?" Mke wangu anasema umetosha, mama. "Hapana," anasema, "bado unakimbia," anaongeza unga. Anauliza tena, anaongeza tena. Aliogopa kuniua kwa kijiko. Mwishowe uji ulikuwa ukisimama kwenye bakuli kama ugali wa juzi, unakwangua koo kote ushukako. Nilikula wote, kila siku, mpaka wiki aliyolala asiamke, na sikuwa na namna ya kumwambia kwamba umezidi.