Fundi Brashi na kompyuta inayokatiza mazungumzo

Fundi Brashi hajagusa kitufe hata kimoja. Ameinama nyuma ya meza, sikio karibu na kompyuta, anasikiliza feni inavyohema. Mwenye nyumba, dereva mstaafu, amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, roho mkononi.

"Baba, kaa. Huu si upasuaji," fundi anamwambia.

Mzee anaketi, ila ukingoni mwa kiti.

Kompyuta yake inajizima yenyewe kila anapoongea na bintiye anayeishi ng'ambo. Kwingineko ingekuwa kero tu. Hapa ni balaa, maana baba na binti walinuniana miaka mingi, tangu mzee alipogoma kwenda kwenye harusi ya binti huyo. Wameanza kuongea juzijuzi tu.

"Tukifika penye maana, inazima," anasema mzee. "Sasa kaniandikia: baba, kama hutaki kuongea nami, niambie tu."

Jina la Brashi mama huyu fundi amepewa na wateja, kwa sababu ya brashi ya kupaka rangi anayotembea nayo kufagilia vumbi. Zamani alikuwa mfagizi wa ofisi, na fundi wa kompyuta wa pale akamfundisha kazi. Siku hizi anazunguka majumbani. Wiki ikichangamka hupata nyumba tano au sita, ikilala, mbili.

"Watu wanaigombeza kompyuta utadhani ina masikio," anasema. "Kuna mmoja aliizaba kofi ikawaka. Ndiyo ubaya wenyewe, sasa anaizaba kila asubuhi."

Leo hacheki sana. Ameshaona kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kompyuta na kuning'inia hadi nyuma, kikiziba matundu yote.

"Kafuma nani, baba?"

"Marehemu mke wangu. Sikitoi hata ikiwa inawaka. Vumbi lisiingie."

Kufungua skrubu Fundi Brashi alifundishwa. Maneno kama haya hakufundishwa na mtu. Anapiga moyo konde.

"Inapumulia huku nyuma. Ikizibwa inapata joto, inajizima isije ikaungua."

Mzee anakitazama kitambaa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namkatia mwanangu mazungumzo."

"Ulikuwa unaitunza, baba. Hukujua."

Mzee anakikunja mwenyewe, polepole, na kukiweka kwenye kabati la nguo. Fundi anachomoa waya wa umeme, anafungua ubavu wa kompyuta, anaizuia feni kwa kidole isizunguke, kisha anafagia. Vumbi linatoka mabongemabonge, linawapigisha chafya wote wawili. Kicheko cha kwanza kinapatikana hapo.

Kompyuta inawaka. Mzee anampigia bintiye, naye anatokea kwenye skrini, uso mkavu.

"Leo tuna dakika ngapi, baba?"

"Kuzima kumekwisha. Halafu, mwanangu, ile harusi. Nilikosea kutokuja."

Fundi Brashi anabeba mkoba wake, anatoka taratibu hadi ukumbini. Haondoki. Anataka kuhakikisha mashine haitamuumbua mzee wa watu.

Akisubiri, anakueleza mpango wake: kila Jumamosi awakusanye wazee sebuleni kwake, awafundishe kusafisha kompyuta wenyewe. Ukimuuliza kama hatakosa wateja, anainua mabega. "Wachache nitawakosa. Lakini watu wanagombana bure kwa sababu ya vumbi."

Muda ambao kompyuta hujizima umeshapita. Chumbani sauti ya mzee inasikika, imelegea kwa machozi.

"Rudia, mwanangu, sijasikia vizuri. Mjukuu wangu anaitwa nani?"