Sekunde Nane za Mteremko

Mwanangu, bado naiona Jumapili ile ya Madale, barabara ikiwa vumbi tupu, na mie kijana niliyejiona sina mpinzani. Mfanyabiashara mmoja alitaka dereva wa gari lake la mashindano. Tukabaki wawili, mie na rafiki yangu Hamadi. Kila mtu alikuja na gari la kuazima: mie la mjomba, injini mpya, yeye la kaka yake, linalotoa moshi kama jiko la kuni. Tukapimwa mmoja mmoja, kupanda kilima, kugeuza, kushuka. Nikamshinda kwa sekunde nne, nikapewa kazi palepale.

Fundi Salehe, aliyeshika saa, akaniita pembeni. Kumbe alikuwa ameandika pia muda wa kufika kileleni. Kule juu nilimzidi Hamadi sekunde kumi na mbili. Kwenye mteremko, penye kona na breki, ambako injini haikusaidii sana, Hamadi akanipokonya nane.

"Kupanda umebebwa," akaniambia. "Nenda kwa tajiri, mwombe awapime tena, mbadilishane magari. Nikisema mie ataona nampendelea, Hamadi ni mpwa wangu."

Nikamjibu kwamba mshindi ni mshindi.

"Basi, gari ndilo lililoshinda. Wewe ulikuwa abiria, ila umekaa upande wa usukani."

Sikwenda. Misimu miwili nikaliendesha vibaya gari zuri, mpaka tajiri akachoka nami. Hamadi hakuitwa tena na mtu. Akaishia kwenye lori la mchanga hapa Goba, na wiki iliyopita tumemzika.

Ndiyo maana mlinichosha pale msibani. Turubai halijashushwa, nyie na simu zenu mnabishana nani bingwa wa mbio za magari duniani, huyu ana mataji mangapi, yule hana hata moja. Hakuna aliyeuliza wanaendesha magari gani. Kisha wewe ukasema marehemu naye alishindanaga zamani, mzee wetu huyu akamkalisha. Wenzako wakacheka. Mjane akainamisha kichwa. Na mie, mtu mzima na mvi zangu, nikanyamaza tena.

Hamadi alikuwa dereva bora kuliko mie. Kesho nakwenda kumwambia mjane na watoto wake, nawe utanisindikiza.

Mwanangu, acheni kuhesabu vikombe tu. Ukitaka kumjua dereva, mlinganishe na mwenzake aliyepewa gari lilelile, au mtazame siku ya mvua, barabara inapoteleza na nguvu ya injini haina kazi. Na ukishinda wewe, uliza ni kiasi gani cha ushindi huo ni chako. Jibu likikuaibisha, liseme mapema, mwenye haki yake akiwa bado anasikia. Mie nimechelewa.

Mungu akupe mikono tulivu, na akupe ujasiri nilioukosa. Amina.